SUFURIA NA MABATI
Habari za Kampuni ya Jamaa wa Chandaria, na Jinsi Ilivyokua

Saa kumi na mbili za asubuhi njia zitokazo Mukuru kwa Njenga, upande wa mashariki wa mji wa Nairobi, hujaa watu waendao kwa miguu. Wengi wao huelekea Barabara ya Enterprise na Lunga Lunga, ambako viwanda vimejipanga safu kwa safu, nao huenda kutafuta kazi ya kutwa. Kazi hiyo huitwa kibarua. Neno hilo ni la zamani: maana yake ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ili siku zake zihesabiwe. Nyuma yao watu hawa huacha nyumba ambazo kuta zake ni mabati na mapaa yake ni mabati. Na ndani ya kila nyumba, juu ya jiko, pana sufuria.

Vitu hivi viwili vimezoeleka sana, hata hapana aulizaye vilitoka wapi. Walakini kila kimoja kina historia yake, na historia hizo hukutana katika jamaa moja ya wafanyi biashara, jamaa ya Chandaria, walioanza na duka la vyakula Nairobi na kuishia kuwa na viwanda katika nchi nyingi za Afrika na nje ya Afrika. Si mabati yote ya Mukuru yatokayo katika viwanda vyao, kwa maana wafanyi mabati ni wengi siku hizi. Lakini habari za jamaa hii zaweza kumfundisha msomaji jinsi kiwanda kizaavyo kiwanda kingine, na jinsi mali iliyokusanywa kwa miaka mingi iwezavyo kupungua au kuchukuliwa kwa muda mfupi.

DUKA LA VYAKULA

Premchand Popat Chandaria alikuwa mtu wa Gujarat katika Bara Hindi, wa upande wa Jamnagar. Nchi ile ni kavu, na mvua ikikosekana mkulima hana la kufanya. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alivuka bahari akaja Kenya, kama walivyofanya vijana wengi wa kabila lake la Oshwal. Nairobi ya wakati huo ilikuwa bado mji mchanga. Reli ilikuwa imefika hapo mwaka wa 1899, na nyumba nyingi za kwanza za mji zilikuwa za mabati na turubai. Kwa hiyo bati si mgeni Nairobi, bali ni mwenyeji wa tangu siku ya kwanza.

Jamaa wakafungua duka la vyakula. Biashara ya duka wakati ule haikuwa na siri kubwa: kununua kwa jumla, kuuza kwa rejareja, kuamka mapema na kuandika kila kitu katika daftari. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na wenye maduka waliishika sana kanuni hiyo. Tena jamaa walikuwa na desturi ya kuishi pamoja, ndugu na ndugu, na kutia mapato yao katika hazina moja. Hakuna aliyechukua faida yake akaenda zake. Ilirudi katika biashara, ndiyo maana mtaji uliweza kukua.

KIWANDA CHA MWAKA WA 1929

Mwaka wa 1929 kilianzishwa huko Mombasa kiwanda kidogo cha kufanya vyombo vya aluminiamu, ndicho kilichokuja kujulikana kwa jina la Kaluworks. Jamaa ya Chandaria waliingia katika kazi hiyo pamoja na wenzao, na baada ya miaka kupita ikawa yao.

Yafaa msomaji akumbuke hali ya vyombo vya jikoni kabla ya hapo. Watu wengi walipikia vyungu vya udongo, na wenye uwezo walipikia vyombo vya shaba. Neno lenyewe sufuria latokana na sufuri, yaani shaba. Basi jina ni la zamani kuliko chombo tukitumiacho leo. Chombo cha shaba kilikuwa kizito na cha bei kubwa, na tena kilihitaji kupakwa madini ya bati ndani kila mara ili chakula kisiharibike. Chungu kilikuwa rahisi lakini kilivunjika. Aluminiamu ilileta chombo chepesi, kisichopata kutu, kinachopata moto upesi, na ambacho mtu wa mshahara mdogo aliweza kukinunua.

Kazi ya kufanya sufuria ni hivi. Aluminiamu huyeyuka kwa moto wa kiasi cha digrii 660 za sentigredi. Ikiisha kuyeyushwa na kumiminwa hupitishwa kati ya magurudumu mazito ya chuma mpaka iwe shiti nyembamba. Kutoka katika shiti hukatwa duara, kubwa kwa sufuria kubwa na ndogo kwa sufuria ndogo. Duara hilo hutiwa katika mashine ya kukandamiza, au huzungushwa kwa kasi huku fundi akilisukuma juu ya kalibu mpaka kuta zake ziinuke. Mwisho ukingo hukunjwa nje ili chombo kiwe imara na kishikike. Vipande vinavyobaki pembeni havitupwi. Hurudishwa katika tanuri. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, nao hufanya kazi ya namna hiyo kwa nyundo na mikono, na sauti ya nyundo zao husikika kutwa.

KIJANA ARUDI KUTOKA MASOMONI

Premchand na ndugu zake hawakuwa watu wa elimu kubwa, lakini waliwapeleka watoto wao shule. Mtoto mmoja, Manilal, ambaye watu humwita Manu, alizaliwa Nairobi tarehe 1 Machi, 1929, mwaka ule ule kiwanda kilipoanza. Alisoma Kenya, kisha Bara Hindi, kisha akaenda Marekani katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, akapata shahada ya pili ya uhandisi. Mwaka wa 1951 alirudi nyumbani.

Alichokuta kilikuwa bado kiwanda kidogo. Wengine katika hali yake wangetafuta kazi ya mshahara mnono ng'ambo. Yeye na ndugu zake, wengine wa tumbo moja na wengine watoto wa baba wadogo na wakubwa, waligawana kazi: huyu hesabu, huyu mashine, huyu kuuza, huyu kutafuta masoko mapya. Ndipo biashara ilipoacha kuwa ya mtu mwenye duka aliyenunua kiwanda, ikawa ya watu wa viwanda hasa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 waliweka mfuko wa hisani, ili sehemu ya faida isaidie elimu na matibabu. Miaka mingi baadaye jina la jamaa hiyo liliwekwa katika majengo ya vyuo, kama vile kituo cha kuwafundisha vijana kuanzisha biashara katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

KUTOKA SUFURIA HATA MABATI

Mwenye mashine za kusukuma aluminiamu ana ujuzi ambao waweza kutumika kwa chuma pia. Mwaka wa 1960 ilianzishwa Dar es Salaam kampuni ya Aluminium Africa, ijulikanayo zaidi kwa jina la ALAF. Mwaka wa 1962 ikaanzishwa Kenya kampuni ya Mabati Rolling Mills, ambayo kiwanda chake kikubwa kiko Mariakani, kando ya njia ya kutoka Mombasa kwenda bara. Mwaka wa 1964 Uganda nayo ikapata Uganda Baati. Hivyo katika miaka minne tu nchi tatu za Afrika ya Mashariki zilikuwa na viwanda vya kufanya mabati yao wenyewe, badala ya kungoja meli iyalete kutoka ng'ambo.

Bati la mawimbi lilibuniwa Uingereza. Henry Robinson Palmer alipata hataza yake mwaka wa 1829. Siri yake ni mawimbi yenyewe. Shiti nyembamba iliyo bapa hujikunja ikibebwa upande mmoja, lakini ikitiwa mawimbi huwa ngumu, na boriti chache huweza kuibeba. Adui wa chuma ni kutu. Kwa sababu hiyo chuma husafishwa, kisha huchovywa katika zinki iliyoyeyuka, yenye moto wa kiasi cha digrii 450. Zinki hushika juu ya chuma kama ngozi. Hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huliwa kwanza kabla ya chuma, na kwa hiyo bati hudumu.

Baadaye viwanda vya jamaa hiyo vilianza kutumia ngozi ya namna nyingine, iliyochanganywa aluminiamu na zinki. Katika mchanganyiko huo aluminiamu ni asilimia 55 kwa uzito, zinki ni kama asilimia 43, na kinachobaki ni silikoni kidogo. Kisha yakafuata mabati ya rangi, nyekundu, kijani na buluu, ambayo leo mtu huyaona vijijini kote akipita kwa basi. Hivyo aluminiamu ya sufuria na zinki ya bati zimekutana katika paa moja.

VIKUNDI VYA MABATI

Kiwanda hakikui bila wanunuzi, na wanunuzi wa mabati hawakuwa matajiri wa mji tu. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa vijijini katika Mkoa wa Kati wa Kenya waliunda vikundi vilivyoitwa vikundi vya mabati. Kila mwanachama alitoa mchango wake, mara nyingi kutokana na kazi waliyofanya pamoja katika mashamba ya watu, kulima au kuchuma. Fedha zikitosha, zilinunua mabati ya nyumba ya mwanachama mmoja. Kisha wakaanza tena kwa ajili ya mwingine, mpaka zamu ikazunguka wote. Haba na haba hujaza kibaba. Nyasi zikaondoka, bati likapanda.

Faida yake haikuwa fahari tu. Paa la nyasi hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na huficha wadudu. Paa la bati huleta maji. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi nyumba yenye paa la mita 30 za mraba, ikinyeshewa mvua ya milimita 20, hupata kama lita 600, yaani madebe 30, ukiondoa kidogo kinachomwagika. Mwanamke aliyekuwa akipanda kilima na mtungi mgongoni aliijua hesabu hiyo kabla hajaandikiwa na mtu.

MALI YACHUKULIWA

Jamaa ya Chandaria hawakukaa mahali pamoja. Ndugu mmoja alitumwa nchi hii na mwingine nchi ile, kila mmoja aangalie kiwanda chake, ili kukitokea balaa mahali pamoja wengine wapate kusimama. Ratilal Chandaria, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1922, alihamia ng'ambo; huko, mbali na biashara, alijitolea miaka mingi kutunga kamusi kubwa ya lugha ya Kigujarati, iliyotolewa mwaka wa 2006. Manu alibaki Kenya.

Balaa lilikuja kweli. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 viwanda vikubwa vya Tanzania viliingia mikononi mwa umma, na ALAF ikawa miongoni mwao. Haikurudi katika mikono ya watu binafsi mpaka miaka ya 1990. Katika Uganda, mwezi wa Agosti mwaka wa 1972, Idi Amin aliwaamuru watu wa asili ya Asia waondoke katika muda wa siku 90. Uganda Baati ilichukuliwa pamoja na maelfu ya maduka, nyumba na mashamba, na ilipita miaka mingi kabla wenyewe hawajairudia.

Hapa yafaa mambo mawili yasemwe kwa haki. La kwanza, watu wa Afrika ya Mashariki walikuwa na sababu ya kuuliza kwa nini viwanda na maduka makubwa yalikuwa mikononi mwa wachache, maana chini ya utawala wa kikoloni Mwafrika alizuiwa kwa sheria na kwa ukosefu wa mikopo asiingie katika biashara kubwa. La pili, kuchukua kiwanda si sawa na kukiendesha. Mashine huhitaji vipuri, vipuri huhitaji fedha za kigeni, na fundi aliyefukuzwa huondoka na ujuzi wake kichwani. Mahali pengi watu walilipia kosa hilo kwa kukosa bati, sabuni na sukari.

Kampuni iliyokuwa imetawanyika namna ile haikufa. Ilipopoteza huku iliendelea kule, na leo muungano wa makampuni hayo, uitwao Comcraft, watajwa kuwa una shughuli katika nchi zaidi ya 40: chuma, aluminiamu, plastiki na mambo mengineyo. Tawi lake la mabati, Safal, lina kazi katika nchi zaidi ya kumi za Afrika. Mwaka wa 2003, muungano wa wenye biashara binafsi wa Kenya ulipoundwa, Manu Chandaria ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

KIWANDA CHA KWANZA CHAPATWA NA SHIDA

Mtu asidhani kwamba kampuni kubwa haina kuanguka. Mwaka wa 2021 Kaluworks, kile kiwanda cha sufuria kilichokuwa chanzo cha yote, kiliwekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni ya benki. Kilikuwa kimetimiza miaka 92. Watengenezaji wa vyombo wa Kenya hushindana na bidhaa za bei ya chini ziletwazo kwa meli, na gharama za umeme na malighafi hazipungui. Kwa mwenye mali, habari kama hiyo ni hesabu ya hasara. Kwa fundi aliyesimama mbele ya mashine ile ile miaka ishirini, ni kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Kwa hiyo mtu afanyaye kazi kiwandani yampasa kujua haki yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, katika kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika kwa muda wa miezi mitatu kwa jumla, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mwezi, si kwa siku. Wengi waingiao katika malango ya viwanda hawalijui jambo hili. Tena lisipoandikwa popote ni vigumu kulithibitisha. Basi na aweke vyeti vyake na kuandika siku zake mwenyewe. Daftari si la mwenye duka peke yake.

BATI HUKO MUKURU

Turudi sasa Mukuru kwa Njenga. Kijiji hiki, pamoja na vile vya Kwa Reuben na Viwandani, vilikua kando ya Mto Ngong kwa sababu viwanda vilikuwa karibu. Mtu asiye na nauli hukaa mahali awezapo kwenda kazini kwa miguu. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligawiwa watu na makampuni katika miaka ya 1980 na 1990 kwa sharti la kujenga viwanda vyepesi. Mahali pengi viwanda havikujengwa, na badala yake wakakaa wafanya kazi wa viwanda vilivyokwisha kujengwa. Mwaka wa 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza vijiji hivyo vitatu kuwa eneo maalumu la mipango, na waliohesabiwa humo walikuwa zaidi ya kaya 100,000.

Katika mahali kama hapa bati ni zaidi ya paa. Mwenye kibarua hawezi kwenda benki kuomba mkopo wa nyumba ya mawe, lakini aweza kununua bati moja mwezi huu na jingine mwezi ujao. Likiwa juu ni kivuli chake, likiwa chini ni akiba yake, kwa maana lauzika. Ndiyo sababu yaliyotokea mwezi wa Novemba mwaka wa 2021 yaliumiza sana. Tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara ya kuunganisha Eneo la Viwanda na barabara kuu, na maelfu ya watu wakalala nje. Bati lililopondwa na tingatinga haliwezi kunyoshwa likawa kama lilivyokuwa. Miezi mingi ya kibarua ilikunjwa kwa asubuhi moja.

Msomaji anaweza kulinganisha mambo haya mawili. Jamaa ya Chandaria walipochukuliwa viwanda vyao Dar es Salaam na Kampala, walikuwa na ndugu na mashine katika nchi nyingine, na walikuwa na hati mikononi walizoweza kuzitoa siku mambo yalipobadilika. Mkaaji wa Mukuru alipochukuliwa chake, hakuwa na hati yoyote. Wote wawili walikuwa wametia jasho lao katika chuma kile kile.

MANENO MACHACHE KWA MNUNUZI

Kwa mkulima au karani anayekusudia kuezeka, haya ni ya kukumbuka. Unene wa bati hupimwa kwa geji, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati lilivyo jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Bati jembamba lina bei nafuu leo, lakini hupinda likikanyagwa na halikawii kutoboka. Asome maandishi ya kiwanda yaliyopigwa juu ya bati, na asinunue lisilo na jina. Misumari iwe ile yenye kofia, nayo ipigwe juu ya mgongo wa wimbi, si katika bonde, maana maji hupita bondeni. Tena risiti iwekwe.

Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu Premchand Chandaria kushuka bandarini Mombasa, na wajukuu wa wale wanawake wa vikundi vya mabati ni watu wazima sasa, wengine wao wakiwa Mukuru. Jioni viwanda vya Enterprise hufungua malango, na vibarua hurudi kwa njia ile ile waliyokwenda nayo asubuhi. Mwingine hubeba unga, mwingine makaa. Na mara moja moja huonekana mtu aliyebeba bati moja jipya kichwani, akitembea polepole katikati ya njia, na watu wakimpisha.